Ua Uliohama Macalder

Jumanne moja mwaka 1997, Risper alikuwa akipiga chapa barua katika ofisi ya mpima ardhi Ombati, mjini Migori, Mama Awino alipoingia kutoka Macalder. Alieleza kwamba Jumamosi, akiwa kanisani, ua wake wa minyaa ulitembea hatua arobaini, na shimo lake la dhahabu sasa liko kwenye shamba la Ombati. Hakuja kushangaa. Alitaka ua urudi.

Ombati alikuwa ametoka kwenda kula. Risper alifungua programu ya kuchora ramani, akauvuta mstari wa ua hadi mahali pake. Ulitulia. Lakini alipofungua hati ya shamba, bado ilisema ua umesogea hatua arobaini. Akampigia simu Cephas, fundi wa Homa Bay aliyekuja na disketi wiki iliyopita.

"Hiyo ya ramani inajitegemea," Cephas alisema. "Unachofanya mle kinaishia mle. Ile programu nyingine, ya ua, Mzee Ombati aliniambia niipachike ndani ya mipangilio ya mashine. Ukiweka kitu huko, kila kitu kinafuata."

"Hata Macalder?"

"Kila kitu."

Alimwonya asiifute, kwani picha ya ua ingetoka na nambari ingebaki. Aibadilishe nambari, kisha aiwashe mashine upya.

Risper alifungua mipangilio. Kati ya saa na kibodi palikuwa na picha ndogo ya ua, na ndani yake 40. Akaandika sifuri, akaizima mashine na kuiwasha. Kioo kilipokuwa bado cheusi, viatu vya Ombati vilisikika kwenye ngazi. Mama Awino alishika ukingo wa meza.

Ombati alimsalimu mama kwa adabu, akasimama nyuma ya kiti cha Risper. Wote watatu waliitazama mashine ikiamka. Huko Macalder, wachimbaji waliuona ua ukirudi, wakaupisha.

Ombati aliinama, akaandika 60, akaizima na kuiwasha mwenyewe. Wachimbaji wakaupisha tena. Kisha akamwomba Risper amalizie barua.

Alhamisi Mama Awino alirudi. Hakugombana na mtu. Alingoja Ombati atoke, akasogeza kiti.

"Nyathina, mwanangu, msimu ujao ua utafika wapi? Nataka kujua mahindi nipande wapi."

Risper alifungua mipangilio, akaitazama ile 60.

"Panda karibu na mlango, mama."