Bolti ya Tano

Naitwa Kasian Kalinga, fundi wa kuchomelea, Kihesa, Iringa. Ukiona geti mtaani kwetu ambalo halijalegea, uliza nani kalichomelea, utatajiwa mimi. Sijisifu, nasema ilivyo.

Na mimi ndiye mwenye lile tela lililolaliwa na kuku miaka minne. Nalisema mapema kwa sababu jirani yangu Hamza, muuza mchele, hawezi kukuacha upite dukani kwake bila kukusimulia. Nililitengeneza mwaka ambao binti yangu Benedicta alimaliza chuo, ufundi wa umeme na pampu. Siku ya kumpongeza nilisimama mbele ya wageni nikamwambia, "Wenzako wanapewa kabati. Mimi nakupa tela, ukafanyie kazi." Watu wakapiga makofi. Kasoro ilikuwa moja tu, gari la kulivuta hakuwa nalo. Tela likakaa uani, kuku wakahamia, na kila asubuhi Hamza akifungua duka ananiuliza kama limeshataga.

Nilikuwa nacheka naye. Lakini ndani iliniuma. Kazi niliyoifanya kwa moyo wangu wote kuliko kazi nyingine yoyote ilikuwa haijawahi kuvuka geti.

Mwaka huu Benedicta akapata gari. Yeye anakaa Mbeya, anafunga pampu za maji kwa wakulima wa mpunga. Akanipigia simu, "Baba, wiki ijayo nakuja kuchukua tela langu. Nina pampu tatu zimeshushwa hapo Iringa, Jumatatu zinatakiwa Ubaruku." Niliposikia "tela langu" nilikwenda uani na simu sikioni nikalitazama. Kuku niliwafukuza siku hiyo hiyo. Nililisugua, nikalipaka rangi ya bluu, nikabadilisha matairi, na mke wangu akasema hata yeye siku ya harusi sikumshughulikia hivyo.

Alifika Ijumaa jioni. Gari ni SUV ya umeme, refu la kimo, jeupe. Liliingia uani bila mlio wowote, Hamza aliyekuwa kasimama getini akaruka pembeni.

"Limezima?" akaniuliza.

"Linatembea," nikamwambia, kana kwamba nilikuwa nalijua siku nyingi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa tayari kabla ya chai. Mashine ya kuchomelea nimeitoa, vijiti nimevikausha juani, aproni nimevaa. Gari lile halikuwa na chuma cha kuvutia tela, na mimi nilishawaza nitakavyokitengeneza. Benedicta akatoka ndani na boksi zito alilotumiwa kwa basi kutoka Dar. Alipolifungua, chuma kilikuwa humo, kimeshatengenezwa, na ile gololi kubwa ya kushikia tela mwishoni, nyaya za taa, na bolti sita kwenye mfuko.

"Hapa hatuchomelei, Baba," akasema. "Tunafunga kwa bolti tu."

"Bolti ni za watu wasiojua kuchomelea."

"Betri imelala chini ya sakafu yote ya gari hili. Umeme wa mashine yako ukipita vibaya, gari limekwisha na Ubaruku siendi. Mashine irudi ndani."

Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Miaka thelathini na moja natengeneza vyuma, leo mtoto niliyemfundisha kushika nyundo ananiambia mashine yangu irudi ndani, tena Hamza kashaleta kigoda chake kukaa kutazama. Nikaigeuza mashine nikairudisha kwa kishindo. Nilirudi kwa sababu moja tu. Chuma kile kisipofungwa, tela langu linabaki na kuku.

Basi tukafanya kazi. Tulishusha bampa la nyuma, tukalilaza juu ya gunia lisichubuke. Benedicta akachora mstari akakata kipande kidogo cha chini pa kutokezea ile gololi, bila kusita, ingawa gari ni jipya na ni lake. Hapo nilimtazama kwa jicho lingine. Mimi nililala chini ya gari, nikakinyanyua chuma kwa kifua na mikono, yeye akaziingiza bolti moja moja kwenye matundu ya chesisi. Halafu akanipa spana ya ajabu, ndefu, yenye namba kwenye mpini.

"Ukifika kwenye nguvu inayotakiwa, inalia ta. Ikilia, unaacha."

"Spana ndiyo inaniambia niache?"

"Ndiyo, Baba. Hata mimi ndiyo inayoniambia."

Nikafunga ya kwanza, ikalia ta. Ya pili, ya tatu, ya nne. Simu yake ikaita, wakulima wa Ubaruku, akaenda kuongelea kule barazani. Nikafunga ya tano, ikalia ta, nami nikaona bado. Mkono wangu unajua chuma kilichokaza, na ile niliiona bado.

Hamza kwenye kigoda akakohoa. "Fundi, kumbe siku hizi unasubiri ruhusa ya spana."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Ningekuwa na akili ningempuuza. Nikachukua spana yangu ya kawaida, nikachomeka bomba kwenye mpini wake kuurefusha, kama ninavyofanya siku zote kwenye malori. Nusu raundi tu, nikasema moyoni. Nikavuta.

Ikalia pa. Kichwa cha bolti kikaniangukia kifuani, na mguu wake ukabaki ndani ya chesisi.

Nililala pale nikiangalia lile tundu. Hamza akainuka kwenye kigoda, akainama kuchungulia. Najua njia ya haraka ya kutoa bolti iliyokatika. Unachomelea nati juu ya kile kisiki, unakifungua kwa spana, dakika mbili. Mashine ilikuwa hatua kumi kutoka nilipolala. Benedicta alikuwa bado anaongea na simu. Nitasema ukweli wote, nilitoka chini ya gari nikaenda hadi mlango wa karakana, nikaushika waya wa mashine.

Pale mlangoni nikaliona tela, bluu yake inang'aa, limeelekea getini. Nikauachia waya.

"Benedicta," nikaita. "Njoo uone upumbavu wa baba yako."

Akaja, nikamwekea kichwa cha bolti mkononi. Akaliona bomba chini, akaelewa. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

"Tano zimeshika," nikasema kwa sauti ndogo.

"Zilizoshika vizuri ni nne, moja hujafunga bado. Na zinatakiwa sita. Baba, wewe ungemkabidhi mtu geti lenye bawaba pungufu?"

"Ningelitupa mtaroni."

"Basi na mimi sivuti na bolti pungufu."

Alivyosema, nilisikia sauti yangu mwenyewe mdomoni mwake. Nikamwambia anipe tindo dogo, nyundo nyepesi na mafuta. Bila mashine. Nikarudi chini ya gari.

Kisiki cha bolti hukitoi kwa nguvu. Unaweka ncha ya tindo pembeni yake, unagonga kidogo kuelekea upande wa kufungulia, unatia mafuta, unasubiri, unagonga tena. Ukigonga kwa hasira unaharibu nyuzi za tundu na hapo kweli umekwisha. Mimi na hasira zangu niligonga vile kuanzia saa nne na nusu mpaka adhuhuri imepita. Benedicta alilala upande wa pili akinimulikia na tochi ya simu, na kila kisiki kilipojongea alisema, "Kimesogea." Shingo iliniwaka moto. Hamza alifunga duka akaenda kuswali, akarudi, akatukuta palepale, safari hii akaleta maji ya kunywa badala ya maneno.

Kikaja kugeuka chenyewe. Nikakimalizia kwa vidole. Benedicta akapitisha kidole kwenye tundu, nyuzi zote nzima.

"Hii kazi," akasema, "Mbeya nzima sijui kama yupo wa kuifanya."

Nilijifanya sijasikia ili arudie, naye akarudia.

Bolti nyingine tuliipata Ipogolo kwa wauza vipuri vya malori. Muuzaji alitaka kutupa iliyofanana kwa macho. Benedicta akamwonyesha namba ya ugumu iliyogongwa kwenye kichwa cha ile iliyokatika, akamwambia anataka yenye namba hiyo hiyo au asihangaike. Yule bwana akapanda hadi rafu ya juu kabisa akaitoa. Nikasimama nyuma ya binti yangu nimefunga mikono, nataka kila dereva pale ajue ni wa kwangu.

Tuliporudi nikafunga bolti ya tano kwa spana yake. Ikalia ta. Mkono ulitaka kuendelea, nao ulitaka kweli. Nikaiweka spana chini. Nikafunga ya sita, ta, nikaweka chini tena. Bampa tukalirudisha mahali pake.

"Lete kile kichwa," nikamwambia.

Tela lilikuwa kule karakanani, mbali na gari. Nikawasha mashine yangu, nikakichomelea kile kichwa cha bolti kwenye chuma cha mbele cha tela, juu, mahali ambapo kila atakayekuja kulifunga lazima akione. Benedicta aliuliza cha nini. Nikasema siku mteja akiuliza nitamjibu.

Halafu tukalisukuma mpaka kwenye gari, likakaa juu ya ile gololi kama lilipimiwa hapo. Taa zikawaka zote. Benedicta akaweka pima maji juu ya tela, kiputo kikasimama katikati kabisa, limelala sawasawa.

"Ulipima kimo cha gari gani, Baba? Wakati ule hata gari halikuwepo."

"Nilipima kimo cha gari la mtu mwenye akili."

Alinikumbatia na ule uchafu wote wa mafuta, na mimi nililia kidogo. Sioni aibu kusema.

Jumapili baada ya misa akaondoka, pampu tatu zimefungwa kamba juu ya tela, akipanga kuchaji njiani Makambako kwa shemeji yake. Hamza ndiye aliyefungua geti. Gari likapita kimya, tela likapita nyuma yake, likavuka geti, likapinda kwenye barabara ya lami, bluu yote, na mtaa mzima umesimama.

"Fundi," Hamza akasema, "limetaga."

Jumanne nilikuwa na wateja wawili karakanani, na Hamza kama kawaida, simu ikaita. Benedicta. Pampu zimefungwa, maji yanaingia mashambani, na kuna mkulima wa pale, Bwana Yotamu, kalizunguka tela mara tatu anataka lake. Akampa simu.

"Shikamoo, Fundi," akasema Yotamu. "Nataka tela hilohilo. Ila na kile kichwa cha bolti cha mbele usikisahau. Kinafanya kazi gani?"

Wateja walikuwa wananisikiliza. Miaka thelathini na moja sijawahi kumwambia mteja kwamba nimekosea.

"Hicho ni kichwa cha bolti niliyoikata mwenyewe kwa kukaza kupita kiasi," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Kinanikumbusha pa kuishia."

Yotamu akacheka. Kisha akasema basi na lake liwe nacho, maana na yeye ana tabia hiyo.

Tela lake nimeshalianza. Lakini kukata bolti nyingine kwa makusudi nimekataa, yake nitamwekea nzima.