Mazishi ya Hondohondo

Delfin Tumbokon alikuwa ameusema uongo ule mara nyingi mno, hata ukamkaa mdomoni kama sala. Kila alipohojiwa kuhusu filamu ya kwanza aliyoiandika kutokana na kitabu cha Mwalimu Ludivina, alidai kwamba alikisoma kitabu hicho akiwa na miaka tisa, chini ya cherehani ya mama yake, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuvuka sura ya nne. Misitu yenye kunena na wafalme wa chini ya ardhi vilimchosha. Aliyekisoma mpaka kukikariri ni Marivic, msaidizi wake kule Manila. Ndiye aliyemfupishia kila sura, na ndiye aliyeandika nusu ya mazungumzo.

Filamu ile ilijaza kumbi nchi nzima. Muswada wa filamu ya pili ulipokamilika, watayarishaji walimpelekea Mwalimu Ludivina mjini kwake Iloilo auidhinishe. Alijibu kwa mistari miwili: amekubali, na mwandishi aje ale naye chakula cha mchana.

Delfin akaenda. Alikuta nyumba imejaa majirani na wanafunzi wa zamani, wengine na mvi zao, kila mmoja na nakala yake iliyochakaa. Kabla hajapoza hata kijiko cha kwanza cha supu, Perla, muuza samaki mwenye mdomo kuliko wote, alimgeukia.

“Haya, kaka wa Manila, tuambie. Utotoni ulilia wapi? Na usitudanganye, kitabu hiki sisi tumekilalia!”

“Mazishi ya yule ndege, hondohondo,” alisema Delfin bila kufikiri. “Yule binti anapomfunika kwa majani ya mgomba, halafu anamwita jina mara saba.”



“Hondohondo gani?” Perla aliuliza. “Wa kwetu hafi! Si ndiye anayeruka na binti mgongoni mwishoni?”

Mwalimu Ludivina, mwenye miaka themanini na miwili, aliweka kijiko chini.

“Alikufa katika toleo la kwanza. Nililibadilisha.”

“Toleo la kwanza ninalo hapa, Mwalimu,” mzee mmoja alisema, akianza kupekua.

“Basi lako lilikosewa kiwandani. Kula.”

Hakuna aliyecheka. Perla aliinuka, akamwongezea Delfin supu polepole, kama anayemhudumia mgonjwa, na upole huo ukamchoma kuliko matusi.

Walipomaliza, Delfin alikusanya mabakuli, akamfuata mwenyeji wake jikoni.

“Mwalimu, sijakisoma.”

“Najua, mwanangu. Nimefundisha darasa la tano miaka thelathini na saba. Asiyesoma namtambua akiwa bado mlangoni.”

“Mbona ulinifichia siri?”

“Ulikuwa mgeni wangu, na supu ilikuwa bado ya moto.” Alijifuta mikono. “Lakini mazishi yale ya kwenye muswada yaliniliza mimi mwenyewe. Nani aliyaandika?”

“Marivic. Msaidizi wangu.”

“Sikuona jina lake.”

“Halipo.”

Mwalimu aligeukia beseni. Akaendelea kuosha vyombo, na Delfin akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alasiri hiyo, akiwa nje ya kanisa la Molo, mtaa wa hapo hapo Iloilo, alimpigia Marivic.

“Nilidhani mazishi yamo kitabuni.”

“Nilikuandikia pembeni mwa muswada kwamba nimeyabuni. Kumbe hata maelezo yangu husomi?”

“Nisamehe. Nimeumbuka mbele ya watu. Sikutaka yeyote ajue.”

“Bosi, ofisi nzima inajua. Ukihojiwa huwa tunazima televisheni. Tunakuonea haya.”

Wiki iliyofuata aliwaandikia watayarishaji, na jina la Marivic likawekwa la kwanza kati ya waandishi. Wapo waliosema anatafuta sifa za unyenyekevu, hakuwajibu. Alinunua kitabu, akakimaliza kwa siku nne. Kilikuwa kizuri kweli, na uzuri wake ulimwumiza, kwa maana kila ukurasa ulimkumbusha mahojiano fulani na jambo alilolisema kwa kujiamini.

Filamu ya pili ilipoonyeshwa Iloilo, alijibanza kiti cha nyuma kabisa. Hondohondo alipofukiwa, ukumbi ulilia kwa sauti. Taa zilipowaka Perla alimwona, akampungia mkono aje watoke pamoja. Delfin aliinama, akajifanya anafunga kamba za kiatu, mpaka watu wote wakatoka.