Vijungu vya Banda la Nne

Jina la Mama Salfa alipewa na wachumaji maua, likamganda kama harufu ya kiberiti iliyomganda nywelini. Kwa miaka sita, kila jioni wenzake wakishatoka, yeye alibaki ndani ya banda la nne, banda refu la plastiki lililojaa mawaridi. Alifunga madirisha ya juu, akapita chini ya vijungu kumi na sita vya umeme vilivyoning'inia kwenye nyaya, akavitia salfa kijiko kwa kijiko, akawasha, akatoka na kufunga mlango. Salfa iliyeyuka taratibu, mvuke wake ukatanda, na ubwiri unga, ule ugonjwa unaopaka majani vumbi jeupe, haukuthubutu kukanyaga mle. Moto ukizidi, salfa huwaka ikawa sumu. Ukipungua, ugonjwa unaingia. Mabanda mengine matatu yalinyunyiziwa dawa tu; kipimo cha salfa alikijua yeye peke yake.

Na hapo ndipo aliponasa. Asubuhi ndiye aliyetangulia kuingia kufungua madirisha, na kifua kilishaanza kukoroma kama birika. Mara tatu alimwomba msimamizi amhamishie chumba cha kufungia maua.

"Nikutoe wewe, nimweke nani?" msimamizi alimuuliza mara ya tatu. "Niletee mwenye mkono kama wako, utatoka siku hiyohiyo."

"Miaka sita nimevumilia, bosi."

"Basi umeshazoea."

Dada yake, fundi cherehani, aliposimuliwa alicheka mpaka uzi ukakatika. "Wewe nawe. Punda anayebeba ndiye anayeongezewa mzigo. Haribu kidogo uone kama hawatakutoa."

Yalikuwa maneno ya mzaha, lakini yalimkaa. Wiki iliyofuata, kila jioni, vijungu sita alivipita bila kuvitia kitu. Siku ya tano majani yakaanza kujikunja. Siku ya nane banda zima lilikuwa kama limenyunyiziwa unga, machipukizi yamepinda shingo.

Msimamizi hakumgusa yeye. Alilifunga banda, na wachumaji wake kumi na wawili akawaambia wakae nyumbani mpaka waitwe. Mmoja wao alikuwa mama mdogo wa Mama Salfa, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki.

Jioni ya tatu mama mdogo alikuja kumtazama.

"Wanasema mitambo imechoka," alisema. "Usije ukajilaumu, mwanangu. Kazi yako tunaijua."

Mama Salfa aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata zamani.

Kesho yake alikwenda ofisini. "Mitambo ni mizima. Vijungu sita niliviacha vitupu mimi, kwa makusudi." Alitarajia kufukuzwa; kusema kweli, alitamani afukuzwe.

Msimamizi aliinuka akasukuma mlango ukafungika. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi liishie hapahapa. Nikikufukuza, ubwiri utaenea mabanda yote, na shamba lote linakwenda na maji. Kuanzia leo mabanda yote manne ni yako. Ukilisafisha hilo ulilolichafua, wale kumi na wawili watarudi."

"Na kifua changu?"

"Nitakutafutia barakoa nyingine."

Akatoka na mzigo mara nne, na siri juu yake.

Alikata majani mabovu, akarudisha salfa kwa kipimo chake, na siku ya kumi na nne wachumaji wakaitwa. Siku hiyo alimvuta mama mdogo kando ya mapipa ya maji, akamweleza yote, la msimamizi na la vijungu.

"Wiki mbili nimekaa nyumbani, wanasema mitambo, nami najiuliza nimekosea wapi," mama mdogo alisema. Kisha akakaza kilemba chake. "Haya. Nifundishe mimi hicho kipimo, utoke."

Mama Salfa alimtazama yule mwanamke, umri ule, na pumzi zake fupi baada ya kutembea kutoka getini tu. Njia ya kutoka ilikuwa imesimama mbele yake.

"Hapana, mama. Wewe sikuingizi mle."

"Basi hicho kifua usije kunililia."

Mama mdogo akachukua kisu chake cha kuchumia, akaingia bandani. Kwa siku nyingi hakumsemesha zaidi ya salamu. Na jioni, wenzake wakiondoka, Mama Salfa alianza na banda la kwanza.