Leo Hakuna Onyesho

Meza ya nne waliagiza kahawa tatu, meza ya pili supu ya kabichi, na bibi mmoja wa dirishani akaagiza wimbo. Ludomir Wrzos alimwekea kikombe mbele yake, akakigeuza ili kishikio kielekee mkono wake wa kulia, kisha akamjibu kama alivyowajibu wote tangu aanze kazi pale.

"Leo hakuna onyesho, mama."

Bibi alicheka, halafu machozi yakamlengalenga. Hilo nalo lilikuwa la kila siku. Watu hawakuja kwenye mkahawa ule kufuata kahawa, kwa maana kahawa yenyewe ilikuwa shayiri ya kuunguza. Walikuja kuhudumiwa na nyuso walizozijua. Tangu Wajerumani waichukue Warsaw, waigizaji wetu walikuwa wakibeba masinia mjini kote, kwa sababu chama chao, ambacho sasa kilikutana kwa siri kwenye majiko ya watu, kilikuwa kimekataza mwigizaji yeyote kupanda jukwaa la Mjerumani. Majukwaa hayo yalikuwepo, yana mkaa wa kutosha na vichekesho vya matusi, na yalihitaji majina makubwa.

Jina la Ludomir lilikuwa kubwa kuliko mengi. Kabla ya vita, wasichana kutoka Vilnius hadi Kraków walibandika picha yake ndani ya milango ya kabati. Katika kila filamu kulikuwa na jambo moja ambalo watu waliliendea: aliinua kofia kwa vidole viwili, akaizungusha mara moja hewani, akaituliza kifuani. Madereva wa tramu waliiga. Mapadri waliiga pia, walipodhani hakuna anayewaona. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mbili, miguu imemvimba kwa kusimama, na soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa kipande cha boksi, katika theluji ya mwezi wa kwanza.

Alipopeleka vyombo jikoni, Genowefa Bielakowa, muosha vyombo, alimtazama bila kuacha kusugua.

"Bwana Ludomir, unakwenda, au unangoja wakufuate hapa hapa?"

"Nakwenda."

"Ofisini wanafunga saa sita."

"Wanafunga saa wanayotaka, mama."

Muhuri wa kadi yake ya kazi ulikuwa unaisha siku hiyo. Mwenye mkahawa alishamwambia, kwa adabu na macho yakiwa sakafuni, kwamba bila muhuri mpya asije kesho. Na mwanamume asiye na kadi ya kazi Warsaw alikuwa wa kuokotwa tu. Askari waliziba barabara pande zote mbili, wakawapakia watu kwenye malori kama viazi, na baada ya hapo familia ilingoja barua kutoka kambini.

Kwenye ofisi ya kazi ya Wajerumani alisimama foleni saa mbili nzima, katika ukumbi usio na moto, nyuma ya mpiga fidla mmoja aliyekohoa bila kukoma. Karani wa dirishani aliitwa Tyrpa. Alikuwa mtu wetu, Mpolandi, aliyepewa kiti, jiko la mkaa na muhuri. Alimwacha Ludomir asimame huku akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali.

"Mheshimiwa Wrzos mwenyewe! Hunikumbuki?"

"Unisamehe. Naona watu wengi."

"Nilicheza na wewe. Nilikuwa mhudumu, nyuma kabisa, nimebeba sinia. Ulisimamisha kamera mbele ya watu wote, ukasema nimelishika kama koleo." Alitabasamu, lakini jambo hilo lilikuwa bado linamuuma, ungeliona shingoni. "Na sasa nasikia unalibeba wewe. Unalishikaje, bwana?"

"Vibaya," alisema Ludomir. "Ni zito kuliko nilivyodhani. Niwie radhi kwa siku ile."

Tyrpa hakuwa amejiandaa kuombwa radhi. Alijifanya anapekua makaratasi, kisha akasukuma fomu moja chini ya kioo.

"Mambo ni rahisi. Muhuri wa uhudumu kwa waigizaji umesitishwa. Mwigizaji ataigiza. Weka saini hapa, Jumatatu uanze mazoezi. Utapata mkaa, utapata nyama. Hakuna atakayekugusa barabarani."

"Na nisipoweka?"

"Usipoweka, jina lako linakwenda ghorofa ya juu. Huko juu sikai mimi." Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu. "Weka saini, bana. Ni kofia tu. Unainua, unazungusha, unakwenda zako nyumbani. Nani atakufa?"

Ludomir aliishika kalamu. Sitaficha: aliishika, akaona jinsi wino ulivyokuwa mzuri, akafikiria mkaa. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu akilala hauondoki. Halafu akairudisha kalamu mahali pake, sambamba na rula, akasema asante, akatoka.

Genowefa alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya maji. Kisha akaikausha kwa aproni, akaingiza mkono kifuani, akatoa kadi ya kazi iliyokunjwa mara mbili. Haikuwa na picha, ina muhuri tu. *Jan Bielak, mtu wa ghala, kiwanda cha gesi, miaka arobaini na mitatu.*

Huyo alikuwa mumewe. Alifariki mwezi wa kumi kwa ugonjwa wa mapafu, akazikwa na padri anayejua kufunga mdomo, na Genowefa hakumripoti. Wengi wetu hatukuwaripoti marehemu wetu wakati ule. Kumripoti marehemu ni kurudisha kadi yake ya mkate, na yeye alikuwa na watoto wawili. Kwa hiyo kwenye makaratasi Jan alikuwa hai, na kila wiki mkate wake ulikuja.

"Siwezi kuichukua hii," alisema Ludomir.

"Unaweza. Kadi ya mkate inabaki kwangu, hii ya kazi ishike wewe. Panda tramu mpaka stesheni, kisha treni, shuka Mińsk, wifi yangu atakuficha hadi majira yabadilike. Ila sikiliza, baba. Kuanzia sasa wewe si mtu wa kofia."

"Jan alikuwa mtu wa namna gani?"

Aliuliza kikazi, kama alivyouliza habari za watu wote aliowahi kuwaigiza. Genowefa alifikiri.

"Alikuwa mtu wa kawaida. Mzito wa kuongea. Mguu wa kulia aliuburuta. Kofia aliivuta mpaka masikioni, na hakuwahi kumbusu mwanamke mkono, hata mimi siku ya harusi."

Ludomir aliinama, akaubusu mkono wake uliokuwa bado unanuka magadi.

"Umeshaanza kukosea," alisema Genowefa.

Kwenye kituo cha tramu malori yalikuwa yameshafika. Barabara ilizibwa juu na chini, tramu ikasimamishwa na abiria wake ndani, na wanaume wakapangwa ukutani. Ludomir alisogea na mstari, akiburuta mguu. Askari mwenye miwani alikagua kadi, na pembeni yake alisimama mkalimani aliyevaa koti la kiraia.

"Kazi?"

"Ghala," alisema Ludomir, polepole. "Kiwanda cha gesi."

Askari aliugeuza muhuri kwenye mwanga, akaupenda, akamrudishia kadi. Kwa kidevu akamwonyesha tramu: nenda. Zilikuwa hatua sita au saba.

Kwenye ngazi za tramu alisimama mwanamke mnene mwenye kikapu cha vitunguu. Alimtazama yule mtu wa ghala akija, na uso wake wote ukafunguka.

"Mungu wangu! Bwana Ludomir!"

Aliita kwa furaha tupu, kama mtu aliyekutana na ndugu. Na mkono wa Ludomir ukapanda. Kwa miaka ishirini kila aliyemwita kwa jina lile, hata mfagia barabara, alijibiwa kwa kofia. Tumbo likiwa na njaa au limeshiba, mkono uliijua kazi yake. Vidole viwili viliikamata kofia, ikainuka, ikazunguka. Akaizuia katikati ya mzunguko, lakini ilikuwa imeshazunguka. Mwanamke alijiziba mdomo kwa kitunguu alichokuwa amekishika.

"Wrzos?" alisema mkalimani. "Yule wa filamu?"

"Watu husema nafanana naye."

Askari alitaka kujua kuna nini, akaelezwa. Alikuwa amesimama kwenye baridi tangu alfajiri, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza kumchekesha. Alisema maneno machache.

"Anasema haidhuru wewe ni nani," mkalimani alitafsiri. "Wafanyie ile ya kofia, wacheke kidogo, kisha panda tramu. Amesema kweli, anakuachia." Akaongeza upesi, kwa sauti ya chini, "Fanya, mzee. Fanya tu."

Ndani ya tramu kila kichwa kiligeukia dirishani. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angemlaumu. Mimi binafsi ningeizungusha mara kumi, nikaongeza na wimbo. Ludomir alitazama malori, akatazama vitunguu, akatazama kofia iliyokuwa bado mkononi. Kisha akaivaa kwa mikono yote miwili, vibaya, akaivuta mpaka masikioni kama mtu wa ghala anayehisi baridi.

"Leo hakuna onyesho," alisema, kwa ile sauti nzito ya Jan Bielak.

Mkalimani alikawia kutafsiri. Hata hivyo askari alikuwa ameelewa, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Ludomir alipandishwa lori la pili, akiburuta mguu wa kulia.

Walimwandika kwa jina lililokuwa kwenye kadi. Huenda yule askari aliona haya kuandika kwamba alimwahidi mtu wa sinema kumwachia, huenda hakujali. Ludomir mwenyewe hakuikana kadi ile, wala kusema nani aliyempa. Hilo tunalijua kwa sababu hakuna aliyekuja kumchukua Genowefa.

Mwezi wa nne ilimfikia simu ya maandishi kutoka kambini: mumeo Jan amefariki kwa udhaifu wa moyo. Genowefa alikuwa ameshamlilia Jan mara moja, akadhani machozi hayo yamekwisha. Sasa marehemu alikuwa ameripotiwa, na waliomripoti ni Wajerumani wenyewe. Alikwenda ofisi ya mgao na kuirudisha kadi ya mkate, kisha akarudi kazini akiwa amevaa nyeusi, kwa sababu vyombo vilikuwa vinamngoja.

Wiki hiyo hiyo Tyrpa alikuja mkahawani na karatasi mkononi. Hakutaka kahawa. Alipita moja kwa moja hadi mlango wa jikoni.

"Wrzos yuko wapi? Hii ni ilani ya tatu. Asipofika kujiandikisha, ataadhibiwa vikali. Si maneno yangu, yameandikwa hapa." Ndipo akaiona nguo yake. "Pole, mama. Umefiwa?"

"Na mume wangu."

Tyrpa akavua kofia, kama inavyopasa mbele ya mjane, akasimama nayo kifuani kwa muda unaostahili. Kisha akaivaa tena, akanyoosha ile karatasi.

"Sasa nimwandikie nini huyu Wrzos?"

"Mwandikie kwamba leo hakuna onyesho," alisema Genowefa, akarudisha mikono yake majini.