Bamia za Barazani

Sikuwa mkulima, na sikutaka mtu anifundishe. Kwetu Mkongo tulikuwa wachuuzi. Mboga zilitufuata mlangoni. Askari wa Mdachi walipochoma maghala, nilitoka na mbegu kidogo nilizofunga kwenye pindo la kanga: bamia, mchicha na mrehani. Mume wangu Bushiri alikuwa porini na wapiganaji wenzake. Nikakimbilia Salale kwa dada yake, wifi yangu Mwanaheri, mjane wa miezi miwili; mumewe Zaidi aliuawa vitani.

Nikapanga vyungu vibovu barazani, maana nje ni tope tupu, nikapanda mbegu zote bila kubakiza hata moja. Zikizaa, nitapata za kurudi nazo nyumbani. Zisipozaa, tutakula mizizi ya porini.

Zikachipua. Kila siku mto ulipojaa hadi kwenye ngazi, nilichota papo hapo nikamwagilia. Mwanaheri yeye alingoja maji yapwe, akashuka topeni hadi magotini na mtungi wake. Nikamcheka moyoni. Mtu mzima, lakini anapenda kujitesa.

Siku ya kumi majani yakaungua kingo. Nikaongeza maji. Nikawalaani mbuzi, nikawalaani majirani na macho yao, nikamlaani Bushiri na vita vyake. Mchicha ukalala, mrehani ukakauka umesimama. Bamia nazo zilipoanza kupukutika, nikachovya kidole kwenye kata ya maji, nikaonja.

Chumvi. Kumbe mto ukijaa, bahari ndiyo inayopanda.

Nilimwendea Mwanaheri uani.

"Wifi, ulikuwa ukiniona namwagilia maji ya chumvi?"

"Nilikuona." Alikuwa anapepeta mpunga, hakuinua uso.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza. Roho gani hiyo, wifi? Sina mbegu nyingine duniani."

Akaweka ungo chini. "Kaka yangu alipokuja hapa na dawa yake, akamwambia mume wangu risasi zitageuka maji, wewe ulikuwepo. Na ulikuwa huamini. Umeniambia mwenyewe, baada ya Zaidi kufa. Siku ile ya dawa ulimwambia nini?"

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, ya kumtosha yeye na ukoo wake mzima. Lakini siku ile nilikaa karibu kabisa na Zaidi, na nilichomwambia ni kwamba ale ashibe, safari ni ndefu.