Neno Bibi Alilomwachia Tabitha

Siku Bibi alipokata roho hapa Masama, alimshika dada yangu Tabitha mkono, akasema neno moja la Kichagga cha zamani, basi. Neno lenyewe silitaji. Ni la kwetu.

Baba mkubwa Efraimu peke yake ndiye aliyejitokeza kulieleza. Alilisikia utotoni, siku mke mdogo wa babu alipoondoka nyumbani, na anakumbuka kulikuwa na kilio.

"Ni neno la kufukuzia," alisema. "Mama amemkana Tabitha kwa ajili ya huyu Mrombo. Tukimwoza, tutajuta."

Harusi ya Tabitha na Kornel wa Mkuu, huko Rombo, ikasimamishwa. Tabitha hakupata usingizi tena. Kila alipoitwa alipitia kwanza mferejini kunawa uso, ili tusijue kuwa amelia.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Mwaka ule mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za Kiluwi, lugha iliyokufa zamani sana huko Uturuki, ikabaki kwenye mawe. Yapo maneno yake yanayoonekana mahali pachache mno, na hakuna aliye hai wa kuulizwa. Alituonya tusikisie. Kusanyeni kila mahali neno lilipo, alisema, mtazame pale kinatendeka nini. Maana inayofaa mahali pamoja tu, iacheni kwanza.

Ukoo ulikutana Jumapili baada ya ibada. Kwa kawaida mimi humimina chai nikaondoka. Siku hiyo nilibaki nimesimama na birika.

"Baba mkubwa, naomba kuuliza. Hakuna mwingine aliyewahi kulisikia?"

"Msomi ameamka," alisema. "Huko chuoni mnafundishwa kuhoji marehemu?"

Watu wakacheka. Nilitamani kukimbia, lakini Tabitha alikuwa mlangoni ananitazama.

Shangazi Eliona akakohoa. "Mimi nililisikia shambani, ila hakuna aliyeniuliza. Mama alilisema akitenga chipukizi na mgomba mama, likapandwe kihamba kipya."

"Hata mimi," alisema jirani yetu, mzee Yakobo. "Baba yangu alilisema akimtoa mtamba kwenda kufugwa kwa mtu."

Niliweka birika chini. "Baba mkubwa, yule mke mdogo alikwenda wapi?"

"Kihamba cha chini, shamba letu jingine. Babu yenu alimjengea nyumba huko."

"Alibeba nini?"

"Machipukizi ya migomba," alisema polepole.

"Na nani alilia?" aliuliza Shangazi.

"Yeye ndiye aliyekuwa akinipa maziwa."

"Kumbe mwenye kilio ni wewe, Efraimu."

Kicheko kilichofuata kiliwafikia hata kuku uani. Baba mkubwa naye alicheka, akijifuta macho.

"Nadhani," nilisema, "ni neno la kuagia kinachotengwa na kwao ili kikaote kwingine. Sina hakika kabisa. Ila huwezi kufukuza mgomba ukaupanda upya."

"Hufukuzi mgomba," alisema baba yangu. Hilo likatosha, harusi ikaruhusiwa.

Baba mkubwa mwenyewe alikwenda kukata jani la sale, maana kwetu asiyebeba sale hajaomba radhi. Aliyesimamisha harusi ndiye aliyepaswa kulipeleka Mkuu kwa kina Kornel. Shangazi alimwuliza kama amebeba na leso.

Nilipogeuka kumtafuta dada yangu, nilimkuta kwenye kiti cha Bibi, amelala usingizi mzito, mdomo wazi, mchana kweupe. Tukanywa chai yetu kimyakimya.