Meno Anapokea, Chakula Anakataa

Kila asubuhi nyumba ile ilianza na vinywa. Kwanza watoto watatu, wamepangana mbele ya sinki la jikoni, na mama yao amesimama nyuma yao kama askari wa zamu. "Magego hayo, yasugue! Wewe hupigi mswaki, unakula dawa tu." Yule wa mwisho alikuwa mjanja, alilowesha mswaki na kuurudisha mahali pake. Kwa hiyo kabla ya kutoka ilibidi amhemee mama yake puani, na mara nyingi alirudishwa sinkini huku akinung'unika kwamba atachelewa shule.

Wakishaondoka, inakuja zamu ya mama mkwe.

Ukoo wa mume ulimwita mwanamke huyu Chuma. Jina hilo alipewa mwaka wa kwanza wa ndoa, alipopikia wageni wa msiba siku tatu bila kuketi, na tangu hapo kila mwenye mzigo aliuelekeza kwake. Chuma hachoki, bwana! Basi bibi mzee alipopigwa na kiharusi, watoto wake wanne walifanya kikao cha dakika kumi, na siku hospitali ilipomruhusu, akaletwa kwa Chuma. Wala si kwamba mumewe alikuwepo wa kumsaidia. Ni dereva wa lori la masafa marefu, nyumbani anapita kama mgeni, anakula, analala, anaondoka. Hata chuma hushika kutu jamani, lakini nani wa kuwaambia?

Kazi ya kinywa cha mgonjwa si ya mchezo. Upande wa kulia wa mama mkwe ulikuwa umepooza wote, mkono, mguu mpaka shavu, na shavu lililopooza halijui kama lina chakula. Uji wa jana unaweza kukaa humo mpaka leo. Chuma alivingirisha kitambaa safi kidoleni, akakipitisha taratibu ndani ya shavu, akafuta ulimi na ufizi. Meno ya chini yalibaki sita, yale ya Mungu, akayasugua kwa mswaki laini wa mtoto. Ya juu yalikuwa ya bandia, sahani nzima. Hayo aliyasugua juu ya beseni lenye maji, ili hata yakimponyoka yasipasuke. Kisha akasema, "Haya mama, fungua," na mama mkwe akafungua, akavishwa.

Kwenye hayo meno Chuma hakutaka mzaha. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa heshima zake, hakuna mkwe wala mjukuu aliyewahi kumwona bila meno. Hata kule hospitali, ulimi umekuwa mzito na neno halitoki, bado alikuwa akiziba mdomo kwa ule mkono mzima kila mtu alipoingia. Ndiyo maana siku ya kutoka hospitali, Chuma alipopita nyumbani kwa bibi kuchukua nguo, kitu cha kwanza alichotafuta ni meno. Aliyakuta kwenye kikombe cha maji, juu ya kigoda kando ya kitanda. Akayafunika vizuri, akayabeba, moyo ukatulia.

Sasa tazama maajabu. Meno mama mkwe anapokea, chakula anakataa. Ukimletea viazi vilivyopondwa, anafumba. Ukimletea mchuzi, vijiko viwili, machozi yanamtoka, anageuza uso ukutani. Wiki tatu hivyo. Mikono ilibaki mifupa na gauni likawa linaning'inia. Chuma alibembeleza, akatania, akaomba, na siku moja, Mungu amsamehe, alipiga kelele. "Kula basi, mama! Unataka waseme nimekuua?" Mama mkwe alimtazama tu. Chuma akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi na kijiko.

Na kweli walikuwa wanasema. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, alipiga simu Alhamisi. "Wifi, naambiwa mama amekwisha. Kama umemchoka si ungesema? Jumamosi nakuja kumchukua."

Usiku ule na siku iliyofuata Chuma alikuwa na mambo mawili kifuani, na la pili lilimtisha kuliko la kwanza. La kwanza ni aibu. Akichukuliwa mama hivi, ukoo mzima utasema miaka yote iliyobaki kwamba Chuma alimnyima mzee chakula. La pili ni kwamba pale aliposikia neno "kumchukua", kabla hata ya kuona aibu, mwili wake wote ulilegea kwa raha. Alikuwa amechoka. Amechoka mpaka kucha. Angependa mama achukuliwe, ila asichukuliwe kwa jina hilo.

Jumamosi wifi aliingia na begi tupu mkononi. Alimwona mama yake, akaliacha begi likaanguka. "Mama yangu! Huyu si mtu, ni kivuli!" Chuma alieleza, lakini maelezo ya mtuhumiwa yana uzito gani? "Meno anapokea," akarudia, "chakula ndicho anachokataa."

"Basi twende kwa daktari wa meno kwanza," wifi alisema kwa ukali. "Halafu ndiyo nitajua kama ni meno au ni wewe."

Zahanati ya meno ilikuwa mtaa wa pili. Walimsukuma mama kwa kiti cha magurudumu, mkoba wake wa zamani mapajani, maana ndani yake mlikuwa na kadi zote za matibabu. Daktari, mwanamume mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliona tabu ya kumhamisha, akasema abaki hapohapo. Chuma akaambiwa aketi kwenye kile kiti kirefu cha wagonjwa, kilichokuwa tupu, amshikie mama kichwa.

Daktari akaitoa sahani, akaangaza tochi. Ufizi wa juu ulikuwa na vidonda, pande zote mbili, vyekundu kama nyanya.

"Bibi huyu hakatai chakula," alisema. "Anaumia. Hii sahani ni kubwa mno kwake, inamkata kila anapotafuna na inamkandamiza ulimi. Kwa kweli, haya si meno yake."

"Si yake vipi?" Chuma aliruka. "Nimeyatoa kando ya kitanda chake kwa mikono yangu!"

Daktari akayaosha, akayaweka kwenye karatasi nyeupe. Wifi aliinama kuyatazama, kisha akarudi nyuma hatua moja, mkono mdomoni. Kwenye jino la mbele kulikuwa na pengo dogo, limelika kama msumeno umepita.

"Haki ya Mungu," wifi alisema. "Hilo ni pengo la uzi."

Marehemu baba yao alikuwa fundi cherehani. Mkasi anao, lakini uzi anakata kwa jino, na hata alipowekewa ya bandia tabia haikuisha. Yeye na mkewe walikwenda kutengenezewa meno mwezi mmoja, kwa fundi mmoja, na mzee alipofariki, mjane wake hakuyatupa. Alikuwa akiyabadilishia maji kila siku, miaka miwili, kwenye kikombe kando ya kitanda. Mabinti walijua. Wakwe nani angewaambia?

"Na yake je?" daktari aliuliza. "Hospitali humvua mgonjwa meno wakati wa dharura. Mara nyingi wanayafunga kwenye karatasi."

Wifi alifungua mkoba wa mama, akapekua kadi, leso, miwani, na chini kabisa akatoa fundo la karatasi laini. Sahani ndogo, safi, imekauka. Ilikuwa humo siku zote hizo.

Chuma hakujua acheke au azimie. Wiki tatu, kila asubuhi, kwa heshima zote, alikuwa anamvisha mama mkwe meno ya marehemu! Wifi naye mabega yalianza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kicheko au kilio. Vilikuwa vyote.

"Aoshwe kinywa kwa maji ya chumvi vuguvugu," daktari alisema. "Akae bila meno mpaka vidonda vipone, ale vilaini. Haya yake niachieni niyaloweke, baadaye tutayajaribu."

Mama mkwe alikuwa ameketi na mdomo wake mtupu mbele ya watu wanne, msaidizi wa daktari akiwemo, na safari hii hakuuziba. Chuma aliinama mbele yake. "Mama, ulijua si yako?"

Kichwa kikatikisika, ndiyo.

"Sasa mbona ulikuwa unanifungulia? Kila siku! Si ungeng'ata? Si ungeyatema?"

Ulimi wa bibi, uliokuwa umebanwa wiki tatu, ulitafuta njia. Maneno yalitoka moja moja, kwa mate na kwa jasho, lakini kila mmoja mle chumbani aliyasikia.

"Ume... choka," mama mkwe alisema. "Nika... ona... nisi... kusumbue."

Wifi alikwenda dirishani, akasimama huko akiwapa mgongo. Aliporudi alikuwa amefuta macho.

"Simchukui," alisema. "Nahamia kwenu, mpaka asimame. Unionyeshe kila kitu, wifi, kuanzia hicho kitambaa cha kidoleni. Na wale ndugu zangu watatu nitawapigia leo hii, watanitambua."

"Mimi sijachoka," Chuma alisema.

"Najua. Egemea kidogo, nimalizane na daktari."

Chuma aliegemea kile kiti kirefu, dakika moja tu, kwa adabu. Wifi alipogeuka kumuuliza kadi ni ipi, alimkuta amelala fofofo, mdomo wazi. Ilikuwa saa tano asubuhi. Daktari alizima taa iliyokuwa juu ya uso wake, akamwambia msaidizi ampeleke mgonjwa anayefuata chumba cha pili.